Uchumi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Uchumi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (kifupi: JKK) unategemea hasa uchimbaji wa madini, huku wananchi walio wengi wakiishi kwa kilimo na biashara ndogondogo. Nchi hiyo ya Afrika ya Kati ina eneo la kilomita za mraba 2,345,000 na ni ya pili kwa ukubwa barani Afrika baada ya Algeria. Idadi ya wakazi wake inakadiriwa kupita milioni 100.

JKK inaongoza duniani kwa uzalishaji wa kobalti: takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka huko. Pia ni miongoni mwa nchi zinazotoa shaba nyingi kuliko zote. Ardhi yake ina dhahabu, almasi, bati, koltani, zinki, lithi na mafuta ya petroli, na Mto Kongo una nguvu ya maji isiyo na mfano barani Afrika.

Hata hivyo, kwa makadirio ya Benki ya Dunia, mwaka 2024 karibu robo tatu ya wananchi waliishi kwa chini ya dola 2.15 za Marekani kwa siku. Tofauti hiyo kati ya utajiri wa ardhi na umaskini wa watu ndiyo suala kuu la uchumi na siasa za nchi. Sababu zake ni kadhaa na zinashikamana: madini huuzwa nje kabla ya kutengenezwa bidhaa, migodi mikubwa huajiri watu wachache, barabara na umeme ni haba, na mapato ya serikali hayawafikii wananchi ipasavyo.

Historia

Wakati wa ukoloni

Mwaka 1885 eneo la Kongo likawa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa jina la Dola Huru la Kongo. Uchumi wake ulikuwa wa kukusanya pembe za ndovu na mpira wa porini kwa kuwalazimisha wenyeji. Vijiji vilivyoshindwa kufikisha kiasi kilichotakiwa viliadhibiwa kwa ukatili, na watu wengi sana walikufa. Malalamiko ya kimataifa yalisababisha Ubelgiji kuichukua nchi kutoka kwa mfalme mwaka 1908, ikaitwa Kongo ya Kibelgiji.

Njia za usafiri zilijengwa ili kupeleka mali nje. Reli ya Matadi hadi Léopoldville (leo Kinshasa) ilikamilika mwaka 1898, kwa kuwa maporomoko ya Mto Kongo yanazuia meli kati ya miji hiyo miwili. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyochimba shaba katika eneo la Katanga kwa miaka 60. Vibarua waliletwa migodini kutoka pande nyingi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana. Hiyo ni mojawapo ya sababu za Kiswahili kuwa lugha kuu ya Lubumbashi na Kolwezi hadi leo. Urani kutoka mgodi wa Shinkolobwe ilitumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya kwanza ya nyuklia.

Uhuru na utawala wa Mobutu

Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye jimbo la Katanga, lililokuwa chanzo kikubwa cha mapato, lilitangaza kujitenga chini ya Moïse Tshombe, likiungwa mkono na Wabelgiji. Waziri mkuu wa kwanza, Patrice Lumumba, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Jimbo hilo lilirudishwa mwaka 1963. Tangu mwanzo, basi, swali la nani atawale nchi lilifungamana na swali la nani amiliki migodi.

Joseph-Désiré Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1967 alitaifisha mali za Union Minière, na baadaye kampuni ya umma iliyozirithi ikajulikana kama Gécamines. Mwaka 1971 nchi ikapewa jina la Zaire. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza sera ya kuwapa Wazaire biashara na mashamba ya wageni. Mali nyingi ziligawiwa kwa wanasiasa na watu wa karibu na watawala ambao hawakuwa na ujuzi wa kuziendesha. Maduka yaliishiwa bidhaa, mashamba yakaachwa, na mwaka 1976 serikali ilikuwa imeanza kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali zao.

Pigo la pili lilikuwa kushuka kwa bei ya shaba kuanzia mwaka 1974, wakati serikali ilikuwa imekopa kwa wingi ikitegemea bei kubaki juu. Gécamines iliendelea kutoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka hadi katikati ya miaka ya 1980, lakini mapato yake yalichukuliwa bila ya mitambo kufanyiwa matengenezo. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Hadi mwaka 1994 uzalishaji wa kampuni ulikuwa umeshuka mpaka takriban tani 30,000 tu.

Mwaka 1991 na tena mwaka 1993 askari wasiolipwa mishahara walipora Kinshasa na miji mingine. Mfumuko wa bei ulifikia maelfu ya asilimia mwaka 1994, na akiba za watu zilizokuwa katika sarafu ya zaire zikapotea. Wananchi walizoea kuishi kwa kile walichokiita "kifungu cha 15", yaani jitafutie mwenyewe njia ya kuishi.

Vita na matengenezo

Mobutu aliondolewa mwezi Mei 1997 na majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliyosaidiwa na Rwanda na Uganda. Mwaka 1998 ilitumika sarafu mpya, faranga ya Kongo. Mwaka huohuo vita vya pili vilianza na kuendelea hadi mwaka 2003, vikihusisha majeshi ya nchi kadhaa. Makundi yenye silaha na majeshi ya kigeni yalijipatia fedha kwa dhahabu, koltani, almasi na mbao.

Kabila aliuawa mwezi Januari 2001 na mwanawe Joseph Kabila akashika nafasi yake. Serikali yake ilirudisha uhusiano na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, na sheria ya madini ya mwaka 2002 ikafungua milango kwa kampuni za kigeni. Katika matengenezo ya Gécamines, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa kiinua mgongo kuanzia mwaka 2003. Pamoja na kazi zilipotea shule na hospitali ambazo kampuni iliwahi kuzigharamia kwa ajili ya familia zao. Mwaka 2010 nchi ilifutiwa madeni ya nje yenye thamani ya takriban dola bilioni 12.

Siasa na utawala

Katiba ya mwaka 2006 inaweka rais anayechaguliwa kwa kipindi cha miaka mitano, kinachoweza kurudiwa mara moja, na waziri mkuu anayetoka upande wenye wabunge wengi. Bunge lina nyumba mbili: Bunge la Taifa lenye wabunge 500 na Seneti.

Chaguzi zilifanyika miaka ya 2006, 2011, 2018 na 2023. Uchaguzi wa 2018 ulicheleweshwa miaka miwili na matokeo yake yalibishaniwa, lakini Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019 na Joseph Kabila akaondoka ofisini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru rais kumkabidhi mwingine madaraka kwa amani. Tshisekedi alichaguliwa tena mwezi Desemba 2023. Mwaka 2024 alimteua Judith Suminwa kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini.

Kwa uchumi, sehemu muhimu ya katiba ni ile inayohusu mikoa. Mwaka 2015 mikoa 11 iligawanywa kuwa 26. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa mikoani yabaki mikoani, lakini kwa kawaida fedha hupelekwa kwanza Kinshasa na mikoa hurudishiwa chini ya haki yake, tena kwa kuchelewa. Kwa sababu hiyo serikali za mikoa na za wilaya hutafuta fedha kwa kubuni tozo zao wenyewe kwa wafanyabiashara, wakulima na wasafirishaji.

Mwezi Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila ada katika shule za umma. Kabla ya hapo wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mishahara ya walimu. Mamilioni ya watoto waliingia au walirudi shuleni, lakini madarasa yalifurika, na malipo ya walimu yakawa mzigo mkubwa katika bajeti. Mfano huo unaonyesha maana ya mapato ya madini kwa mwananchi wa kawaida: yakipotea, mwalimu halipwi.

Madini

Shaba na kobalti

Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje hutokana na madini, hasa shaba na kobalti ya mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Uzalishaji wa shaba uliokuwa umekufa katika miaka ya 1990 umepita tani milioni 2 kwa mwaka, na nchi imeipita Peru na kuwa ya pili duniani baada ya Chile. Migodi mikubwa ni pamoja na Tenke Fungurume na Kisanfu ya kampuni ya CMOC ya China, Kamoto na Mutanda ya Glencore ya Uswisi, na Kamoa-Kakula ya Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China, iliyoanza kutoa shaba mwaka 2021. Gécamines imebaki na hisa katika miradi mingi.

Kobalti hupatikana pamoja na shaba na hutumiwa katika betri za simu, kompyuta na magari ya umeme. Karibu yote huuzwa nje kama hidroksidi, yaani unga usiosafishwa kikamilifu, na husafishwa China. Thamani kubwa zaidi, ile ya kutengeneza kemikali za betri na betri zenyewe, hupatikana nje ya Kongo.

Mwaka 2008 serikali ilifanya mkataba na kampuni za China ulioanzisha ubia wa Sicomines. Kampuni hizo zilipata akiba ya shaba na kobalti, na kwa upande wao ziliahidi kujenga barabara na majengo ya umma kwa mkopo unaolipwa kwa faida ya mgodi. Wakosoaji walisema Kongo ilipata kidogo kuliko thamani ya madini iliyotoa. Mwaka 2024 mkataba ulirekebishwa, na kiasi cha fedha kwa ajili ya miundombinu kikapandishwa kutoka dola bilioni 3 hadi bilioni 7.

Sheria ya mwaka 2018

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliongeza mrabaha, yaani malipo yanayotozwa kwa thamani ya madini yanayouzwa. Shaba hutozwa asilimia 3.5, na kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, asilimia 10. Kampuni kubwa zilipinga lakini ziliendelea kuchimba.

Mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa serikali ya mahali penye mgodi, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Aidha, kila kampuni inayochimba hutakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wanavijiji. Kutokana na malipo hayo kwa serikali za mahali, baadhi ya wilaya zilizokuwa hazina bajeti yoyote ya maana zilianza kupokea mamilioni ya dola. Ubora wa matumizi yake hutofautiana sana kutoka mahali hadi mahali.

Mwezi Februari 2025 serikali ilisimamisha mauzo ya kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeshuka mno kutokana na wingi wake sokoni. Bei ilipanda, na kuanzia Oktoba 2025 zuio hilo lilibadilishwa kuwa viwango maalumu kwa kila kampuni. Kwa njia hiyo Kongo ilitumia nafasi yake ya kuwa mzalishaji mkuu ili kuathiri bei ya dunia.

Wachimbaji wadogo

Mbali na migodi ya mashine, mamia ya maelfu ya watu huchimba kwa sululu na koleo. Wanachimba kobalti na shaba kusini, almasi Kasai, na dhahabu, bati na koltani mashariki. Kwa kuwa sehemu zilizotengwa kisheria kwa ajili yao ni chache na mara nyingi hazina madini ya kutosha, wengi huingia katika maeneo ya kampuni, na hapo hutokea ugomvi na vifo vya kufukiwa na udongo. Mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Amnesty International mwaka 2016, yameeleza kuhusu watoto wanaofanya kazi hizo. Mchimbaji humwuzia mfanyabiashara wa kati ambaye ndiye mwenye mizani na ndiye apangaye bei. Mwaka 2019 serikali iliunda kampuni ya umma ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo, lakini utekelezaji wake umekwenda polepole.

Kilimo na misitu

Kilimo huajiri watu wengi kuliko sekta nyingine yoyote. Mazao ya chakula ni muhogo, mahindi, mpunga, ndizi na maharagwe. Mazao ya biashara ni kahawa, kakao, mawese na mpira. Wakati wa uhuru Kongo ilikuwa mojawapo ya wauzaji wakubwa wa mafuta ya mawese duniani. Kuachwa kwa mashamba baada ya mwaka 1973, na kuharibika kwa barabara, kuliua biashara hiyo.

Leo nchi yenye mvua na ardhi ya kutosha hununua nje mchele, samaki, kuku na sukari. Miji ya Katanga hutegemea kwa kiasi kikubwa unga wa mahindi kutoka Zambia, na Zambia ikizuia mauzo kwa sababu ya ukame, bei ya unga hupanda mara moja Lubumbashi. Wakati huohuo wakulima wa mikoa ya ndani huweza kuvuna wakakosa lori la kupeleka mazao sokoni. Kakao ya Beni na Ituri imeongezeka licha ya vita, ingawa sehemu yake hupitishwa Uganda kwa magendo.

Bonde la Kongo lina msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Amazon, na sehemu yake kubwa zaidi imo JKK. Miti mingi hukatwa kwa ajili ya mashamba na mkaa, kwa kuwa jamaa nyingi mijini hupikia mkaa.

Nishati

Maporomoko ya Inga, karibu na Matadi, yanakadiriwa kuweza kutoa takriban megawati 40,000 za umeme. Zilizojengwa ni stesheni mbili tu: Inga I ya mwaka 1972 yenye megawati 351, na Inga II ya mwaka 1982 yenye megawati 1,424. Mitambo kadhaa imekuwa ikisimama kwa kukosa matengenezo. Mradi wa Inga III umejadiliwa kwa miongo mingi, na wabia wake wamebadilika mara kadhaa.

Laini ya umeme yenye urefu wa takriban kilomita 1,700 ilijengwa kutoka Inga hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi. Inapita juu ya vijiji vingi visivyo na umeme wowote. Takriban mkazi mmoja kati ya watano nchini ndiye anayepata umeme, na mijini mgawo ni jambo la kawaida. Migodi hununua umeme wa ziada kutoka Zambia au hutumia jenereta za dizeli. Mwaka 2014 sheria mpya iliruhusu kampuni binafsi kuzalisha na kuuza umeme.

Usafiri

Pwani ya JKK kwenye Bahari ya Atlantiki haifiki kilomita 50. Bandari kuu ya Matadi iko ndani ya mto na haiwezi kupokea meli kubwa. Kwa sababu hiyo ujenzi wa bandari ya kina kirefu ulianza Banana mwaka 2022 kwa ubia na kampuni ya DP World ya Dubai.

Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara nzuri inayounganisha miji hiyo mwanzo hadi mwisho. Njia ya zamani ya kitaifa huanza kwa reli hadi Ilebo, huendelea kwa boti kwenye mito ya Kasai na Kongo hadi Kinshasa, na humalizikia kwa reli hadi Matadi. Kila mara mizigo hupakuliwa na kupakiwa upya, na safari huweza kuchukua wiki nyingi. Hivyo shaba hutoka kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa na nchi ya Zambia kuelekea bandari za Dar es Salaam, Durban, Beira na nyinginezo. Foleni za malori Kasumbalesa zinajulikana kwa urefu wake.

Njia fupi zaidi ni reli ya kwenda bandari ya Lobito nchini Angola, ambayo ilikatika wakati wa vita vya Angola kuanzia mwaka 1975. Inakarabatiwa kwa msaada wa Marekani na Umoja wa Ulaya, nchi zinazotaka kupunguza nafasi ya China katika biashara ya madini hayo.

Fedha na benki

Sarafu rasmi ni faranga ya Kongo, lakini tangu mfumuko wa miaka ya 1990 watu wanaamini zaidi dola ya Marekani. Takriban asilimia 90 ya amana katika benki huwekwa kwa dola. Kodi za nyumba, magari na ada za shule binafsi hutajwa kwa dola, na faranga hutumika sokoni na katika daladala. Wabadilishaji fedha huketi barabarani na mabunda ya noti. Noti ya dola iliyochanika kidogo hukataliwa.

Hali hiyo inailinda akiba ya mwenye dola, lakini humwumiza anayelipwa kwa faranga, kama mwalimu au askari, kila thamani ya faranga ishukapo. Pia huinyima Benki Kuu ya Kongo uwezo wa kuongoza uchumi kwa riba. Watu wazima wengi hawana akaunti ya benki, ila huduma za fedha kwa simu, kama M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, zimeenea sana mijini.

Mazingira ya biashara

Katika orodha ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 kuhusu urahisi wa kufanya biashara, JKK ilikuwa ya 183 kati ya nchi 190. Katika kipimo cha ufisadi cha Transparency International cha mwaka 2024 ilipata alama 20 kati ya 100.

Yako maendeleo. Nchi ilijiunga na OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Afrika zinazotumia zaidi Kifaransa, mwaka 2012. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ilianza mwaka huohuo badala ya kodi ya zamani ya mauzo. Mwaka 2013 ilifunguliwa ofisi moja ya kusajili kampuni, na muda wa usajili ukapungua kutoka miezi hadi siku chache.

Tatizo kubwa huanza baada ya usajili. Ofisi nyingi za serikali kuu, mkoa, wilaya na manispaa zina haki ya kutoza, na mfanyabiashara huweza kukaguliwa na maofisa wa idara kadhaa mwezi mmoja. Watumishi wanaolipwa kidogo hutegemea faini na "chai". Mwenye kulipa kodi zote zilizoandikwa hushindwa kupata faida, kwa hiyo wengi hubaki nje ya mfumo rasmi au hupatana na ofisa. Hasara ni ya pande mbili: hazina hukosa fedha, na biashara ndogo huogopa kukua kwa sababu ikikua itaonekana. Vizuizi vya barabarani na mitoni vina matokeo hayohayo kwa wakulima.

Mfano uliojulikana sana ni tozo ya usajili wa simu, iliyoanza kukatwa mwaka 2020 katika salio la kila mwenye simu. Wananchi na wabunge waliilalamikia, wakauliza fedha zinakwenda wapi, na mwaka 2022 ikafutwa.

Ufisadi mkubwa zaidi umehusu uuzaji wa migodi. Jopo la Maendeleo ya Afrika, lililoongozwa na Kofi Annan, lilikadiria mwaka 2013 kuwa katika mikataba mitano tu ya miaka 2010–2012 nchi ilipoteza dola bilioni 1.36 kwa kuuza hisa kwa bei ya chini. Kiasi hicho kilizidi bajeti ya afya na elimu kwa pamoja. Mwaka 2022 Glencore ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kosa la kutoa rushwa katika nchi kadhaa, JKK ikiwemo, na ikakubali kuilipa JKK dola milioni 180.

Sheria ya mwaka 2017 inataka kazi za ukandarasi mdogo zipewe kampuni zenye Wakongo wengi katika umiliki. Lengo ni kuwapa wenyeji sehemu ya fedha zinazotumiwa na migodi, ingawa zipo kampuni zinazotumia majina ya Wakongo wasio wamiliki wa kweli.

Vita vya mashariki

Mikoa ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri imekuwa na vita kwa takriban miaka 30. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kuwa Rwanda inawasaidia waasi hao, Rwanda inakanusha. Tangu mwaka 2024 waasi walikuwa wameshika Rubaya, mahali panapotoka sehemu kubwa ya koltani ya nchi, na kutoza kodi kwa wachimbaji na wafanyabiashara. Baada ya Goma kutekwa benki zilifungwa, na wakazi walikosa fedha taslimu. JKK na Rwanda zilitia sahihi mapatano ya amani mjini Washington tarehe 27 Juni 2025, lakini mapigano hayakukoma.

Gharama ya vita haiishii mashariki, kwa kuwa matumizi ya jeshi hupunguza fedha za barabara, hospitali na shule katika nchi nzima.

Uhusiano na Afrika Mashariki

JKK ni mwanachama wa SADC, COMESA na Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati. Mwaka 2022 ilijiunga pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uhusiano wenyewe ni wa zamani zaidi: Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na bidhaa huvuka Ziwa Tanganyika kati ya Kigoma, Kalemie na Uvira.

Bandari ya Dar es Salaam hupitisha sehemu kubwa ya mizigo ya kusini mwa Kongo, na Mombasa ile ya kaskazini mashariki. Benki za Kenya, Equity na KCB, zimenunua benki kubwa za Kongo, na CRDB ya Tanzania ilifungua tawi Lubumbashi mwaka 2023. Kwa wakazi wa mipakani soko ni la kila siku: wanawake huvuka kati ya Goma na Gisenyi, au kati ya Bukavu na Kamembe, na vikapu vya mboga, unga na samaki. Biashara hiyo hulisha maelfu ya jamaa, na kila mpaka unapofungwa kwa sababu ya vita au ugonjwa, wao ndio wa kwanza kulala njaa.